Siku yangu moja: dagaa, mwezi na makopo manne

Saa 10:00 alfajiri. Kabla sijagusa maji natoka uani kutazama mwezi. Haupo, umeshazama. Kwa sisi wakaanga dagaa hiyo ndiyo taarifa ya habari. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi. Boti hupaki karibu wiki nzima, nami hupaki nazo. Leo mwezi una siku kumi na moja. Umezama kwenye saa nane usiku, kwa hiyo wavuvi wamepata saa chache tu za giza. Bei itapanda.

Baba watoto anawasha bajaji. Si yetu, kila jioni anapeleka hesabu ya 15,000 kwa tajiri, apate abiria asipate.

Saa 12:00 asubuhi. Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga. Ndoo niliyochukua kwa 25,000 wiki iliyopita, leo 35,000. Nalalamika kidogo, maana usipolalamika utaonekana mgeni. Muuzaji ananyoosha kidole juu: "Dada, mwezi wa jana usiku si uliuona mwenyewe?" Nalipa. Mafuta lita tatu 15,000, mkaa 3,000, usafiri mpaka nyumbani Makorora 2,000, chumvi, ndimu na pilipili 1,000. Jumla 56,000. Naandika palepale, kwenye daftari la mwanangu wa darasa la pili ambalo hakulimaliza.

Saa 2:00. Watoto wameshakwenda shule. Mimi na ndoo.

Saa 5:00. Naosha dagaa maji ya tatu, wifi anaingia. Kabla hajakaa najua ni sare. Kuna harusi mwisho wa mwezi, kitambaa 45,000, na Tanga hii usipovaa sare utasemwa mpaka mtoto wa bibi harusi aanze shule.

"Wifi, wewe si unauza kila siku?"

Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu zangu. Wananiona jioni nimeshika noti, wanadhani noti zile ni zangu. Ni dagaa wa kesho zile. Nikamfunulia kopo la mtaji, nikamwambia, "Nikikupa hii, kesho Deep Sea naenda kutembea?" Akanuna: "Umekuwa benki siku hizi." Nikampa 5,000 kutoka kopo la nyumba. Kwa hiyo leo usiku ni ugali na tembele, samaki hamna.

Sikuzaliwa na roho ngumu. Mwaka juzi nilikula mtaji kwenye harusi kama hiyohiyo, mbalamwezi ikanikuta mikono mitupu. Nikakopa kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kali, 200,000, marejesho 10,000 kila siku kwa siku thelathini. Piga mwenyewe: 300,000. Siku saba za mwanzo boti hazikutoka. Siku ya nane walikuja vijana wanne wakabeba friji na barafu yake ndani. Baadaye ndiyo nikaambiwa mkopeshaji anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Nilikuwa sijauliza hata jina lake kamili.

Saa 9:00 alasiri. Kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, chini ya mwembe. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na leo mmoja kachelewa, tumekaa tunatazama sanduku. Nimenunua hisa mbili, 10,000. Tumesajiliwa, tangu sheria ya 2018 ya huduma ndogo za fedha ituguse na sisi wa chini ya miembe. Mkopo wa hapa una riba pia, ila mwisho wa mwaka tunagawana wenyewe.

Saa 11:00 jioni. Ngamiani, ninapouzia. Karai limechemka, dagaa wanalia, watoto wa madrasa wamenizunguka na mia tano zao. Saa mbili na nusu nimebakiza vipande vya ndimu.

Saa 3:30 usiku. Namwaga pochi kitandani: 81,500. Mtaji unarudi kwanza, 56,000, kabla tumbo halijasema kitu. Kopo la nyumba 12,500. Kopo la mwezi 10,000. Kopo la Januari 3,000. Hili la mwisho wananicheka nalo, maana ada ya shule za serikali ilifutwa. Ada ndiyo, lakini viatu, madaftari na sare za shule havikufutwa, na Januari huja kila mwaka ikatukuta tumeshangaa kama vile haijawahi kuja.

Kopo la mwezi ndilo silali bila kulihesabu. Nyumba yetu inakula 12,500 kwa siku. Siku saba za boti kupaki ni 87,500. Lina 71,000, na zimebaki siku mbili au tatu.

Baba watoto anaingia akiwa ameshika tyubu iliyochanika, imelegea mkononi kama pweza. Tajiri anataka hesabu yake, matengenezo ya barabarani ni juu ya dereva. Tyubu mpya na ufundi 15,000. Haombi, anaiweka tu mlangoni na kukaa.

Bila tyubu hakuna bajaji kesho. Nimetoa 15,000 kwenye kopo la mwezi, nikaandika kwenye daftari: "Baba watoto, tyubu, atarudisha." Akanyakua kalamu, akaongeza mwenyewe: "kwa awamu".