Chaki ya Fundi

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka sokoni nikaukuta mlango wa chumba cha binti yangu umeandikwa kwa chaki ya buluu, kwa herufi kubwa zilizopinda: NJOO KESHO. Mwalimu wake wa tuisheni ya hesabu alikuwa njiani. Nilipomuuliza akili hizo kazitoa wapi, alinijibu bila kusita kwamba Babu ndiye aliyempa chaki, na ndiye aliyemwambia kuwa maneno hayo yaliwahi kumfaa yeye mwenyewe, huko India. Kisha akaniuliza, "Eti Mama, Babu alikuwa anamwogopa nani?"

Nikasema nakwenda kutia samaki kwenye friji.

Ilikuwa Septemba 2018. Mambo ya safari nayapita mbio, kwa kuwa nyote mliowahi kumsindikiza mgonjwa India mnayajua: michango ya ukoo, viza, ndege ya usiku, chumba cha kupanga karibu na hospitali, na lile begi moja lisilo na kitu ila vyeti na picha za eksirei. Bengaluru ilitupokea kwa baridi ambayo hatukuitarajia, maana mji wenyewe uko juu, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, na Baba alishinda amejitanda shali yangu. Alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo siku ya tano baada ya kufika. Sukari yake ikakataa kushuka, na kila asubuhi tukawa tunaambiwa, kwa upole usio na kifani, kwamba bado, pengine kesho. Ikapita wiki, ikaingia ya pili. Baba, aliyekaa nyuma ya cherehani kwa zaidi ya miaka arobaini na ambaye neno hilo kawauzia nusu ya watu wa mji wetu, hakulipenda hata kidogo lilipomrudia. "Mimi nikimwambia mtu njoo kesho," alisema, "ujue kitambaa chake hata sijakikata."

Daktari alikuwa amemruhusu kutembea taratibu. Alasiri moja Baba akasema kwamba kukaa chumbani kutazama feni ni ugonjwa wa pili, na kwa kuwa tumo katika nchi ya sinema, basi twende sinema. Hakuwa ameingia ukumbini tangu zile Jumapili za Majestic na Cine Afrique, Unguja, ambako ndiko alikojifunzia Kihindi chake chote, cha mapenzi na cha kutukanana. Nilichagua filamu kwa kuangalia majina: Rajkummar Rao na Shraddha Kapoor, nikajua ni ya mapenzi. Ilikuwa Stree, ya mwongozaji Amar Kaushik, iliyotoka mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo. Taa zilipozimwa, na mlio wa kwanza ukapasua ukumbi, ndipo nilipotambua kwamba nimempeleka mgonjwa wa moyo kwenye filamu ya mashetani.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu ilipoganda. Nakumbuka mkono wa kiti wa plastiki, bisi zenye sukari ambazo hakutakiwa kuzila, na kidole changu kilichokuwa juu ya mshipa wa kifundo cha mkono wake, nikimhesabia mapigo gizani kama kwamba ningejua la kufanya endapo yangepotea. Kwenye pazia ulikuwa mji wa Chanderi, Madhya Pradesh, mji wa kweli unaojulikana kwa sari zake, ambako kwa masiku manne ya ibada kila mwaka pepo wa kike huja kuchukua wanaume. Humwita mtu jina lake kwa nyuma. Akigeuka, zinabaki nguo zake chini. Kwa hiyo wanaume hujifungia ndani jua likitua, na kuta za nyumba zimeandikwa kwa rangi nyekundu: O Stree, kal aana. Ewe mwanamke, njoo kesho. Naye, kwa kuwa ni pepo aliyesoma, huyasoma maneno hayo, akayaamini na kwenda zake. Usiku wa pili akirudi huyakuta yaleyale.

Mhusika mkuu, Vicky, ni fundi cherehani. Anamtazama mteja mara moja tu na vipimo vyote anavyo kichwani. Baba alivumilia tukio hilo kwa muda mfupi, kisha akasema kwa sauti ya kibarazani, "Muongo huyo! Bega halipimwi kwa jicho." Watu wa safu ya mbele wakageuka. Nikamwomba radhi kila aliyetutazama.

Lakini yalipoonekana yale maandishi ya ukutani na kazi yake ikaeleweka, mapigo chini ya kidole changu yakaanza kwenda mbio. Nikamtazama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, mkono wa pili umekamata kifua, macho yamefumba na machozi yanamtoka, wala hapakutoka sauti. Kwenye pazia kulikuwa na kichochoro kitupu na mtu mmoja anayetembea peke yake, ukumbi mzima umeshika pumzi, nami nilikuwa nimekwisha kusimama nusu, natafuta kwa macho mlango wenye taa ya kutokea, natunga kichwani sentensi ya Kiingereza ya kuombea gari la wagonjwa. Ndipo sauti ikamtoka. Alikuwa anacheka.

"Mwanangu," alisema alipoweza, huku akijifuta kwa pindo la shali, "jini la watu limefanywa mteja!"

Sidhani kama nimewahi kumpenda na kumkasirikia mtu kwa wakati mmoja namna ile. Alicheka mpaka mapumziko, na kila pepo alipofukuzwa na ukuta alinitajia mtu: bibi mmoja wa Mkunazini na gauni lake la Idi, bwana harusi aliyefuata kanzu mara sita. Taa zilipowashwa akanyamaza. Akanywa maji. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza chochote, "Mwaka tisini na tano, ile haikuwa joto."

Niliuelewa usemi huo mara moja, ijapokuwa palipita miaka ishirini na tatu. Nilikuwa na umri wa miaka tisa mwaka ule wa 1995, Popobawa, jini lililosemekana kuwavamia watu usiku, alipoanzia Pemba akavuka hadi Unguja, na wanaume wa mtaa wetu wakawa wanatandika mikeka nje, wanakoka moto na kukesha pamoja, kwa hofu ya jambo ambalo hawakuweza kulitamka mbele ya watoto. Sisi tuliambiwa ndani kuna joto. Baba naye alilala nje, baina ya muuza kahawa na mwalimu wa chuoni, na hakuwahi kulizungumza. Sasa alikuwa ametazama wanaume wa mji mzima wakiogopa hadharani, wengine wakijivika sari ili wapite salama, na ukumbi ukawacheka bila ya kuwadharau. Nilitaka kumwambia kwamba mzaha wa filamu nadhani upo papo hapo, kwamba kwa masiku manne wanaume wanaonja kutembea usiku kama tunavyotembea sisi. Sikusema. Alikuwa bado anatazama pazia tupu.

Tulipokuwa tukitoka alikumbuka kwamba katika Kihindi neno kal hutumika kwa kesho na kwa jana pia. "Sasa huyo wamemwambia aje kesho, au aje jana?" Lilimshughulisha ndani ya bajaji njia nzima.

Usiku ule, kabla ya kulala, alitoa kwenye mfuko wa shati kipande cha chaki ya fundi. Alisafiri nacho, asingejua kuvaa shati lisilo na chaki. Akafungua mlango, akaandika kwa nje NJOO KESHO, akarudi kitandani, akageukia ukutani.

Alfajiri nilimkuta mwenye nyumba amesimama mbele ya mlango, nami nikaanza kutafuta kitambaa cha kufutia. Alitaka kujua tu ni lugha gani na imesema nini. Nilipomtafsiria alijiziba mdomo kwa ncha ya sari. Akanieleza kwamba alipokuwa msichana, mama yake aliandika mlangoni mwao, kwa Kikannada, naale baa, na maana yake ni hiyohiyo. Kwamba katika miaka ya tisini mitaa ya Bengaluru ilijaa maandishi hayo, kwa kuwa ilisemekana mchawi wa kike hugonga milango usiku akiigiza sauti ya ndugu yako, na ukimfungulia umekwisha. Hadithi tuliyoilipia kiingilio kuitazama imewekwa Chanderi, kumbe mzizi wake ulikuwa huko huko tulikolala. Hakutaka nifute.

Tungali mlangoni simu ikalia. Sukari ilikuwa imeshuka. Baba aletwe saa hiyo hiyo, asile kitu. Alivaa kimyakimya. Alipopita mlangoni aliyasoma maandishi yake, akasema, "Sikuandika ni la nani," na akashuka ngazi.

Upasuaji ulichukua saa tano na ushei, na mengine mnayajua, maana yupo na anawaharibia wajukuu. Sehemu ya pili ya filamu, iliyotoka 15 Agosti 2024, tuliitazama naye nyumbani. Ndani yake kuna pepo asiye na kichwa anayechukua wanawake, na Baba hakucheka sana. Alisema kiumbe asiye na kichwa utamwandikiaje?

Jumamosi ile, baada ya mwalimu kusoma mlango, kucheka na kuingia hivyo hivyo, nilikwenda barazani nikamuuliza Baba kile ambacho sikumuuliza kwa miaka yote hii: usiku ule Bengaluru, chaki ile alimwandikia hospitali au alimwandikia mwingine? Aliniomba nimpe kofia yake, akasema alasiri imeingia. Adhana ilikuwa bado.