Kengeleni, baada ya miaka tisa Bombay

Nimerudi Kisauni, Mombasa, mwezi jana. Makanga alipopaza sauti "Kengeleni washukao!" nikashuka, na nyumbani kwetu ni mbele zaidi. Begi mgongoni, jua la saa saba utosini, nikasimama kando ya barabara kuitazama kengele ambayo tangu utotoni nilikuwa naipita kila siku nikienda shule. Mama alinipigia simu: "Mbona umesema umevuka daraja zamani na huonekani?" Nikamjibu niko Kengeleni. Akanyamaza, kisha akauliza, "Unafanya nini hapo, mwanangu?"

Jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana naliandika.

Ofisi niliyofanyia kazi Mumbai ilikuwa eneo la Fort. Jina maana yake ni ngome, lakini unaweza kuzunguka kutwa usiuone ukuta. Kuta zilianza kubomolewa miaka ya 1860 kwa amri ya gavana wa Bombay, Sir Bartle Frere. Nasema Bombay kwa kuwa Mumbai limekuwa jina rasmi mwaka 1995 tu. Waingereza walikipata kisiwa kile kwa njia ya ndoa: kwa mkataba wa 1661 kilikuwa katika mali aliyokuja nayo Catherine wa Braganza, binti wa kifalme wa Ureno, alipoolewa na Mfalme Charles wa Pili. Mwaka 1668 mfalme akaikodishia Kampuni ya East India kwa pauni 10 kwa mwaka. Watu waliokuwa wakiishi pale hakuna aliyewauliza.

Zama za Frere mji ulikuwa umefura kwa fedha za pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimezuia pamba ya kule isifike viwandani Uingereza, bei ya pamba ya India ikapaa, na Bombay ikanona. Vita vilipokwisha 1865 bei ikaanguka na matajiri wengi wakafilisika. Hata hivyo, penye kuta pakawa peupe, na ndipo yalipopata nafasi majengo makubwa ya mawe ambayo watalii huyapiga picha hadi leo.

Kila jioni nilikatiza Flora Fountain, chemchemi ya 1864, nikienda kupanda treni. Siku moja mwenzangu kazini, Mmarathi mpenda historia, akaniambia kwamba awali ilikusudiwa kuitwa kwa jina la Frere. Nikasimama. Frere? Mimi natoka Frere Town, ndiko iliko Kengeleni! Alidhani namtania.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikuja kujua kwamba manowari za Uingereza zilipokamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, wengi wa waliookolewa waliteremshwa Bombay. Watoto walipelekwa kwa wamishonari. Kituo kilichojulikana zaidi ni Sharanpur, karibu na Nashik, chini ya kanisa la Kianglikana. Huko walifundishwa kusoma na kazi za mikono, wakabatizwa, wakapewa majina mapya. Kijana wa Kiyao aliyeitwa Chengwimbe akawa Matthew Wellington. Yeye na Jacob Wainwright, mwenzake wa Nashik, walikuwa katika msafara uliobeba maiti ya mmishonari David Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Frere mwenyewe alikuja Unguja mwaka 1873, hakuwa tena gavana bali mjumbe wa Malkia, kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa saini Juni 5, na soko la watumwa likafungwa. Kisha kanisa likatafuta mahali pa kuwaweka walioachiliwa. William Salter Price, yule yule aliyekuwa msimamizi wa Sharanpur, akanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa mwaka 1875, wakaiita Frere Town; kengele ile ni ya kituo hicho. Watu wa Nashik wakawa walimu, mafundi na wakalimani. Wakaitwa Waafrika wa Bombay.

Hapa ndipo moyo wangu unapochoma. Gavana ana mtaa mzima kwa jina lake. Na William Jones? Alikuwa mtoto wa Nashik, akapewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu Hannington wa Kianglikana katika safari ya kuelekea Uganda. Askofu akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi hadi Rabai, karibu na Mombasa. Nimesoma shule hapa Kisauni tangu darasa la kwanza na jina hilo sikulisikia. Nililipata ng'ambo ya bahari, nikiwa mtu mzima.

Tena watu hao wa Nashik walisemwa kuwa wamerudishwa nyumbani. Mimi nimerudi, nikamkuta mama mlangoni, na mkungu wetu uko pale pale uani. Chengwimbe kwao ni Uyaoni, mbali kusini. Alishushwa Mombasa, akaishi hapa, akafa hapa mwaka 1935. Kila ninaposhindwa kulala kwa uchovu wa safari, humfikiria siku yake ya kwanza ufuoni, akiwa na Kiingereza na Kihindustani kichwani, akijaribu kuelewa anachoambiwa.

Jumapili nilimchukua mpwa wangu, ana miaka minane, tukaenda kwa miguu mpaka kwenye kengele. Nikamweleza kuhusu majahazi, watoto na Bombay. Akauliza, "Majina yao ya kwao ni yapi?" Nikamwambia ninalijua moja. Akalirudia mara mbili, Chengwimbe, Chengwimbe, kisha akanivuta mkono tuvuke, matatu ilikuwa imesimama.