Nilivyosoma hati na vitabu vya enzi za Shakespeare maktabani

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu tamthilia za Kiingereza zilizochapishwa kati ya 1590 na 1623. Sehemu kubwa ya kazi niliimaliza kabla sijaomba kitabu hata kimoja kwenye chumba cha kusomea. Katalogi ya ESTC (English Short Title Catalogue, orodha ya vitabu vya Kiingereza vya zamani) huonyesha chapa zinazojulikana na maktaba zenye nakala zake; vitabu vya mpaka 1640 vina namba za STC, vya 1641 hadi 1700 vina namba za Wing, orodha mbili za vitabu hivyo zinazotumika kuvitambulisha. Kwa hati za mkono nilianzia CELM, katalogi ya hati za fasihi ya Kiingereza. Kila nakala niliiandikia mstari mmoja: namba, maktaba, rafu, na swali ninalotaka inijibu. Isiyo na swali sikuiomba.

Picha za EEBO (Early English Books Online, hazina ya mtandaoni ya picha za vitabu hivyo) zinasaidia sana, ila nyingi zimetoka kwenye mikrofilamu nyeusi na nyeupe. Doa hugeuka mkato, wino hafifu wa msomaji wa zamani hupotea pambizoni, na karatasi yenyewe haisomeki. Maandishi ya TCP (Text Creation Partnership), yaliyonakiliwa kutoka picha hizo, niliyatumia kutafutia maneno tu.

Na karatasi ina mengi ya kusema. Baadhi ya tamthilia zenye jina la Shakespeare zilizochapishwa 1619 na William Jaggard kwa ajili ya mchapishaji Thomas Pavier zilibandikwa miaka ya uongo. King Lear mojawapo inadai ni ya 1608. Mwaka 1908 mtafiti W. W. Greg alionyesha kwamba alama zilizomo ndani ya karatasi zinajirudia katika vitabu vinavyodai kutoka miaka tofauti. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa mbele ya kitabu mimi huuchukulia kama dai la mchapaji. Katika kuarto, yaani karatasi iliyokunjwa mara mbili ikatoa majani manne, mistari iliyoachana ya nyaya za kalibu (chombo cha kutengenezea karatasi) hulala mlalo na alama hugawanyika kwenye mshono. Katika folio, iliyokunjwa mara moja, mistari husimama wima na alama hukaa katikati ya jani. Kuiona, waombe wahudumu bamba jembamba la taa la kuweka nyuma ya jani.

Nakala za chapa moja nazo hutofautiana, kwa sababu wachapaji walisahihisha huku mashine ikiendelea na hawakutupa karatasi zenye makosa. Hivyo taja nakala uliyosoma, si chapa peke yake. Rejea hutolewa kwa herufi zilizo chini ya kurasa, kama B3r au B3v, r ikiwa uso wa jani na v mgongo wake. Alfabeti ya wachapaji ya kuhesabia ina herufi 23: I na J ni moja, U na V ni moja, W haimo.

Mwandiko wa makarani ndio unaokatisha watu tamaa. Herufi e hugeuzwa nyuma, c hufanana na r ya leo, r yenyewe huweza kufanana na w, h hushuka chini ya mstari, na s ndefu ni kama f. Herufi ff mwanzoni ni F kubwa tu. Nilijifunza kwa wosia, kwa kuwa maneno yake ya kufungulia hujulikana: "In the name of God Amen". Kutoka maneno hayo nilichora alfabeti ya karani huyo, kisha nikaitumia kwa maneno nisiyoyajua. Ukikisia neno zima kwa maana utajidanganya. Acha pengo, endelea, urudi. Kistari juu ya irabu ni m au n iliyoachwa, p iliyokatwa mguuni ni per au par, na ye ni the. Vifupisho nilivifungua kwa herufi za mlazo, tahajia nikaiacha ilivyo.

Angalia tarehe pia. Mpaka 1752 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo barua ya Februari 1602 kwa kawaida ni ya 1603 kwa hesabu yetu. Mimi huandika 1602/3.

Chumbani ni penseli tu, na kwa karatasi mikono safi mikavu inatosha; glavu huondoa hisia za vidole na jani huchanika. Ukiruhusiwa kupiga picha, anza na karatasi ya oda yenye namba ya rafu, weka rula pembeni mwa ukurasa wa kwanza, na jina la kila faili libebe namba ya jani pamoja na r au v siku hiyohiyo.