Kitufe cha dharura kinapiga, lakini hakimfikii mtu

Kitufe cha shingoni cha bibi, chenye laini yake ya simu, kilipiga namba ya kwanza kikaishia hapo. Betri ilijaa, mtandao ulikuwepo. Kumbe simu ya mpokeaji ilikuwa imezimwa, huduma ya ujumbe wa sauti ikapokea, na kifaa kikaamini mtu ameitika. Namba ya pili na ya tatu hazikuguswa kabisa.

Dawa: kwenye simu ya kila mpokeaji, piga ##002# kufuta uelekezaji wote wa simu, ndio unaozipeleka kwenye ujumbe wa sauti. Halafu hamishia laini ya kitufe kwenye simu ya kawaida, uondoe PIN, yaani namba ya siri ya laini hiyo. Ikibaki, kifaa kikizima na kuwaka tena hakishiki mtandao.

Kujaribu, zima simu ya kwanza makusudi ndipo ubonyeze. Namba ya pili ikiita, imekaa sawa. Rudia kila mwezi, tena uangalie salio. Laini isiyotumika hufungwa.