Mpaka Amalize Haja Yake

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Lililonikaa moyoni wiki hii ni kimya cha nyumba zetu. Skuli zimefungwa, watoto wako nyumbani tangu alfajiri, na bado nyumba nyingi za mji wetu huu wa Mombasa hazisikiki kicheko. Kila mmoja na simu yake, kila mmoja na pembe yake. Baba akiingia, watoto huinuka wakatawanyika vyumbani, nasi wakubwa tunairidhia hali hiyo na kuiita heshima. Naogopa kwamba mengi tunayoyaita heshima ni woga mtupu, na ukavu wa uso tumeuvika kanzu ya uchamungu. Nausia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi.

Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa mkavu. Habari zake twazijua tangu madrasa: alivyomuuliza mtoto mdogo, "Ewe Aba Umayr, kafanyaje yule kidege?", alivyoshindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini, akashindwa, na baadaye akashinda yeye akasema, "Hii kwa ile." Twazisimulia, twatabasamu, kisha tunarudi nyumbani tukiwa vilevile.

Ziko mbili ambazo sitaki zitupite hivyo. Ya kwanza ni ya ile sijda ndefu. Mtume alisalisha watu akiwa amekuja na mjukuu wake, na sijda moja ikarefuka mpaka maswahaba wakadhani pametokea jambo au wahyi unateremka. Walipouliza baada ya swala, akawaambia kwamba hayo yote hayakuwa. Mjukuu huyo alimpanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha mpaka amalize haja yake. Ya pili ni ya Wahabeshi waliokuwa wakicheza na mikuki yao msikitini. Bibi Aisha alitaka kuwatazama, Mtume akamsitiri kwa shuka yake akasimama naye, na yeye mwenyewe Bibi Aisha anasema kwamba alitazama mpaka akachoka yeye.

Tazameni kipimo kiko wapi. Safu nzima ya Waislamu imeweka vipaji vya nyuso chini, na anayeamua sijda iishe lini ni mtoto aliye mgongoni. Anayeamua mchezo utazamwe mpaka lini ni mke aliyesimama nyuma ya bega la mumewe. Sisi tumekigeuza kipimo hicho. Tunacheza na mtoto mpaka tuchoke sisi, na sisi huchoka haraka mno. Dakika tano, simu inalia, "haya basi, nenda kamwambie mama yako." Mtoto hakumaliza haja yake. Akiyaonja hayo mara nyingi huacha kuomba, nasi husema mashallah, huyu mtoto ametulia.

Kwa hiyo nataka wiki hii tushike kitu kwa mikono, maana nasaha isiyo na kazi ndani yake haifiki Ijumaa ya pili. Tutengeneze tiara, kile kishada cha karatasi kirushwacho kwa upepo. Ni kazi isiyokubali haraka, na ndiyo sababu nimeichagua.

Chukua ufagio wa chelewa, zile njiti za majani ya mnazi, uchague njiti nne nene zilizonyooka. Njiti ya chelewa ni nene shinani na nyembamba nchani, kwa hivyo ukitumia moja peke yake tiara italegea upande mmoja. Zifunge mbili mbili kwa uzi, shina la moja lielekee ncha ya nyenzake, upate fito mbili zenye nguvu sawa pande zote. Ufito wa kusimama uwe sentimita 45, wa kulala sentimita 36. Ule wa kulala uufungie juu ya ule wa kusimama, sentimita 12 kutoka kileleni, na ukaze vizuri. Makutano yakicheza, tiara nzima itacheza. Kisha shika ufito wa kusimama kwa ncha zake mbili, uutazame ule wa kulala. Ukiinama upande mmoja, upande huo ni mzito: ukwangue kidogo kidogo kwa kisu mpaka utulie. Kazi ya kisu ni yako, ya kutazama mwachie mtoto, jicho lake haliongopi. Mwisho chonga vipengele vidogo, yaani mikato ya kukalia uzi, kwenye ncha zote nne, uzungushe uzi kutoka ncha hadi ncha ulionyooka lakini usiopinda njiti.

Karatasi ni gazeti, ule ukurasa wa kati uliofunguka wote. Mifuko ya plastiki ya kubebea, waliyoipenda watoto kwa wepesi wake, ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na gazeti linatosha. Laza fremu juu yake, ukate ukiacha sentimita 2 nje ya uzi kila upande, kisha ukunje ukingo huo juu ya uzi na kuugandisha. Gundi ni unga wa ngano vijiko viwili vya chakula kwa kikombe kimoja cha maji. Koroga kwa maji baridi kwanza mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke motoni mpaka uwe uji mzito. Upake mwembamba kwa kidole. Tiara nyingi huharibikia hapa, kwa sababu mtu hudhani gundi nyingi ndiyo imara, kumbe gazeti lililolowa huraruka, na likikauka na tabaka nene huwa zito halipandi. Anika kivulini, si juani. Jua hukunja karatasi na kuzipinda njiti.

Itachukua saa moja au mbili kukauka, na usiondoke. Kaa naye. Huo ndio wakati wa "Kitendawili!" naye aseme "Tega!", na ukishindwa umpe mji kama anavyotaka mwenyewe. Adhana ikilia mswali pamoja, kisha mrudi kuitazama tiara.

Ikikauka, funga uzi mgongoni mwake, upande usio na karatasi, kutoka ncha hadi ncha ya ufito wa kulala, uuvute mpaka ufito upinde kiasi cha vidole viwili. Mpindo huo ndio unaoizuia tiara kuyumba. Halafu hatamu: uzi wa sentimita 60, upande wa karatasi, mwisho mmoja kileleni na mwisho wa pili chini kabisa ya ufito wa kusimama. Kwenye hatamu hiyo tia kitanzi kidogo mkabala na makutano ya fito au juu yake kidogo, na hapo ndipo uzi wa kurushia unapofungwa. Mkia uwe utepe wa kanga kuukuu, upana wa vidole viwili, urefu wa mita 2.

Tiara ikikataa, haikatai bila sababu, na mtoto akijua sababu hatalia. Ikizunguka na kujitupa chini, mkia ni mfupi, ongeza. Ikipanda kwa uzito na kukaa chini chini, mkia ni mrefu, punguza. Ikivuta sana mkono lakini haipandi, kitanzi kiko chini mno. Kisogeze juu sentimita moja, ujaribu tena. Ikipepesuka bila kuvuta, kitanzi kiko juu mno. Ikilalia upande uleule kila mara, upande huo ni mzito. Bandika kipande cha karatasi upande wa pili. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua dawa ilikuwa ipi.

Sasa upepo. Mwezi huu wa Agosti tuna kusi, upepo wa kusini, na hapa kwetu hutoka upande wa bahari. Ukiwa Nyali, Bamburi au Shelly, simama karibu na maji, mgongo uelekee bahari, upande wa minazi uwe mbali iwezekanavyo. Nenda maji yakiwa yametoka, mchanga uwe mpana. Mtoto ashike tiara akiwa hatua 20 mbele yako, upande unakoelekea upepo, uzi umekazwa. Upepo ukija mzuri aiachie tu. Asikimbie. Mbio huichosha tiara na kumchosha mtoto, na mara nyingi ndizo zinazoirarua. Ikipanda, toa uzi taratibu, ikishuka, vuta. Waya za stima zikiwa karibu, hapo si mahali pa tiara kabisa, na ikinasa kwenye waya imeshakwenda, msiifuate. Uzi uwe wa pamba. Mshipi wa nailoni wa kuvulia hukata vidole, huua ndege, na ukilala kukatiza barabara humkata shingo mtu wa bodaboda.

Na ukishampa uzi ashike, usimnyang'anye. Wakubwa wana tabia ya kusema "hebu nikuonyeshe," wakabaki nao mpaka magharibi. Mwachie aiangushe, mwachie aiinue. Ukisikia nafsi inakwambia sasa inatosha, twende, jiulize inamtosha nani.

Wenye watoto wakubwa zaidi, wale wa miaka kumi na mbili na kuendelea wasiotaka tena tiara, wapelekeni mwambani siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka mbali sana. Sisi Waislamu hatuhitaji kutafuta jedwali mbali, kalenda yetu ni ya mwezi na maji ni ya mwezi: bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata. Tarehe nane au ishirini na mbili ni maji mafu, hayatoki vya kutosha. Siku za bamvua hapa kwetu maji huwa yametoka kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Ingieni kama saa moja kabla, na yakianza kugeuka mgeuke nayo. Kosa la wageni ni kuyatazama maji yaliyo mbele yao, hali maji hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma, kati yao na ufuo. Vaeni viatu vya kufunga. Msitie mkono shimoni, yumo mkunga, samaki kama nyoka anayeuma. Penye mchanga burura nyayo, samaki taa akikusikia huondoka mwenyewe. Mkigeuza jiwe kutazama chini yake, lirudisheni lilivyokuwa, kwa sababu viumbe vya chini ya jiwe hufa juani. Kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, na makombe yaacheni palepale. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa 1986, kuokota ni kosa kisheria, na nje yake pia ni adabu njema. Mola wetu ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame vipi alivyoanzisha kuumba. Amri hiyo inatekelezwa kwa miguu.

Asiye na nauli ya ufukweni asihuzunike. Siku ya Idi Mtume alikuwa akienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Basi ukitumwa sokoni na mtoto yuko nawe, mrudi kwa njia nyingine. Piteni Mji wa Kale, Kibokoni mtokee Ndia Kuu, mhesabu milango ya nakshi, mwenye kuona wa kwanza apate kashata.

Hapa nina neno na baba zangu na kaka zangu, na mniwie radhi kwa ukali wake. Barazani sisi ni wacheshi. Kwenye bao, kwenye kahawa tungu, tunataniana mpaka machozi yatoke, na hakuna anayesema amechoka kabla ya saa nne za usiku. Kisha tunavuka kizingiti cha nyumba zetu, na kicheko chote kinabaki nje na viatu. Mke anaulizwa chakula, mtoto anaulizwa daftari, basi. Mtume alisema mbora wetu ni aliye mbora kwa ahli zake. Hakusema kwa wenzake wa baraza. Yule bwana aliyejivunia kuwa ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja aliambiwa asiyehurumia hahurumiwi, na hilo ni neno zito la kulala nalo. Wake zenu nao wana haki ya mchezo, mkumbuke hilo. Katika zile mbio Mtume aliwaambia watu watangulie, wakabaki wawili. Huo ndio mpango mzuri kwa mwenye haya. Waacheni watoto kwa bibi yao alasiri moja, mwende Mama Ngina, pale kando ya bahari, mkanunue mihogo, mkae mpaka atakaposema yeye twendeni.

Mipaka mnaijua. Hakuna kamari hata ya gololi. Hakuna kumtisha mtu kwa mzaha, wala kumfichia kitu chake akahangaika. Hakuna uongo wa kuchekesha; Mtume alitania, na alitania kwa kweli tupu.

Na msiahidi ovyo. Mama mmoja alimwita mwanawe, "Njoo nikupe," Mtume akamuuliza alitaka kumpa nini. Akasema tende. Akamwambia, lau hungempa kitu ungeandikiwa uongo. Basi kabla hujamtajia mtoto tiara ya Jumamosi, hakikisha chelewa ipo, unga upo, uzi wa pamba umenunuliwa, na umeuliza wavuvi maji yanatoka saa ngapi. Simu umwachie mtu nyumbani. Ndipo umwambie.