Kisanduku cha kaliba

Fomu ya polisi imekaa mezani tangu wiki iliyopita, na leo, kwa kuwa sina zamu ya usiku hospitalini, nimeapa niimalize. Jina, anwani, daktari, klabu: vyote nimeshaandika. Kimebaki kisanduku kimoja, cha kaliba, yaani ukubwa na aina ya risasi ambayo bunduki inapiga, na hicho ndicho kilichonifanya niisukume fomu pembeni nifungue shajara.

Kwa msomaji mgeni: naishi Surrey, kusini mwa Uingereza, na mchezo wangu ni kulenga shabaha za masafa marefu, tawi linaloitwa F-Class. Unalala kifudifudi, bunduki imeegemezwa mbele kwenye kiegemeo na nyuma kwenye mfuko wa mchanga, jicho liko kwenye darubini, na unatafuta duara lililo yadi 1,000 mbele yako, yaani mita 914. Duara la pointi tano lina upana wa inchi 10, kama sentimita 25. Ndani yake kuna dogo la nusu ya hapo, liitwalo V, la kuwatenganisha waliolingana pointi. Uwanja wenyewe uko Bisley, ambako mashindano makubwa ya taifa yalihamia mwaka 1890 kutoka Wimbledon. Kutoka kwangu si mbali, na njiani unapita karibu na Woking, wenye msikiti wa Shah Jahan uliojengwa mwaka 1889. Nikitoka nyumbani mapema Ijumaa nawahi vyote viwili.

Huku huingii dukani ukanunua bunduki kwa sababu imekupendeza. Polisi hutoa cheti cha miaka mitano, na ndani yake kila bunduki imeandikwa kwa kaliba yake, pamoja na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuweka. Kabla ya hapo askari amekuja nyumbani kukagua kabati la chuma na kukuuliza maswali. Hata mtutu wa akiba, chuma kitupu kisichoweza kufyatua chochote kikiwa peke yake, unadai nafasi yake kwenye cheti. Kwa hiyo suala la kaliba, ambalo wenzangu klabuni hulibishania kama Simba na Yanga, kwangu linaanzia kwenye karatasi. Unataka ipi, na sababu yako ni nini?

Chanzo cha yote ni mtutu wangu kuchoka. Ni wa .308 Winchester, na koo lake, pale kichwa cha risasi kinapoanza kuingia kwenye michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha, limeliwa na moto wa baruti. Risasi zilizokuwa zikikusanyika sasa zinatawanyika. Lazima ubadilishwe. Na mtu akishalazimika kubadilisha mtutu, shetani humnong'oneza: kwa nini usibadilishe kila kitu?

F-Class ina madaraja mawili. F-TR inaruhusu kaliba mbili tu, .308 Winchester na .223 Remington, na bunduki pamoja na darubini na miguu yake ya kuegemea isizidi kilo 8.25. F-Open inakuachia karibu kila kitu mpaka kipenyo cha milimita 8, uzito hadi kilo 10, na kiegemeo cha mbele kizito kama unakitaka. Mimi nimekuwa F-TR tangu nianze. Shetani anayeninong'oneza anaitwa .284.

Historia ya .284 Winchester inanifurahisha. Ilitoka mwaka 1963 kwa ajili ya bunduki za kuwindia za kampuni hiyo, ili ganda fupi libebe baruti nyingi. Wawindaji hawakuipenda sana. Miaka mingi baadaye walengaji wa masafa marefu wakaiokota, wakaipa kichwa kirefu chembamba cha greini 180, kama gramu 11.7, na leo ukipita kwenye mstari wa F-Open utaikuta kila mahali, yenyewe au wadogo zake waliotanuliwa ganda kidogo.

Sababu ni upepo. Chukua upepo wa kukata, maili 10 kwa saa, kutoka ubavuni. Kichwa cha .308 cha greini 155, kikitoka kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde, kitasukumwa kando zaidi ya mita mbili kikifika yadi 1,000. Cha .284 kitasukumwa kama mita moja na nusu. Tofauti hiyo inatisha ukiilinganisha na duara la sentimita 25. Lakini kinachokuumiza si upepo wenyewe, maana upepo usiobadilika unaurekebisha kwenye darubini na kuusahau. Kinachoumiza ni pale upepo unapopungua robo baada ya kuusoma na kabla hujavuta kifyatulio. Robo ya mita mbili na kidogo ni nusu mita na ushei. Robo ya mita moja na nusu haifiki sentimita 40. Mwenye .284 naye amekosa, ila amekosa kidogo, na mara nyingi kidogo hicho ni pointi moja.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu upepo una jina na msimu: kaskazi, kusi, matlai ya mchana, umande wa alfajiri. Bisley hapana. Stickledown, uwanja wao wa masafa marefu unaofika yadi 1,200, una bendera njia nzima, na kuna mchana bendera za karibu zinavuta kushoto huku za mbali zikilala kama nguo mbichi. Risasi inachukua sekunde moja na nusu na zaidi kufika. Katika muda huo inapita kwenye pepo mbili au tatu zisizosalimiana. Tena Bisley hampigi mfululizo peke yenu. Mnapokezana, mmoja anapiga, mwenzake anapiga, na kila mmoja ana sekunde 45. Ukisema utangoje upepo ule uliokupendeza urudi, saa haikusubiri.

Nilimpigia simu mjomba jana. Amestaafu, zamani alikuwa askari wa wanyamapori Selous na bunduki yake ilikuwa ya .458, jitu la kumsimamisha tembo anayekuja mbio.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Bado unacheza na bunduki za Wazungu?"

Nikamweleza habari ya .284. Akasikiliza vizuri kabisa, akauliza uzito wa kichwa, akauliza kasi. Kisha: "Sasa hiyo ni ya kumpigia nini?"

"Karatasi, mjomba."

"Karatasi gani imekimbilia kilomita nzima?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nilimwambia jambo ambalo lilimnyamazisha kidogo: kipenyo cha kichwa cha .284 ni kilekile cha bunduki aliyoipenda W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Yake iliitwa .275 Rigby, ambalo ni jina la Kiingereza la 7x57 Mauser. Milimita saba. Wenzake walibeba mizinga ya mabegani, yeye akabeba kijiti na kujua hasa pa kupiga. Hesabu ya tembo aliowaua sina hamu ya kuirudia hapa. Mjomba alisema tu, "Huyo alikuwa karibu. Wewe uko mbali," na kwa kweli hilo ndilo somo zima la fizikia yake. Bell hakuwa na tatizo la upepo.

Nizitaje na nyingine haraka, maana kila nikiandika kuhusu bunduki kuna anayeniuliza. 6.5 Creedmoor ilitoka mwaka 2007 kutoka Hornady, na jina lake ni la uwanja wa Creedmoor, Long Island, ambako Wamarekani waliwashinda Waayalandi kwa tundu la sindano mwaka 1874, na ambako mashindano ya Palma yalianza mwaka 1876. Ni kaliba tulivu, ina teke dogo, risasi zake za dukani ni nzuri, na kwa anayeanza na hana haja ya F-TR ningemwambia achukue hiyo alale usingizi. Kwenye F-Open ya yadi 1,000, hata hivyo, inakutana na vichwa vizito zaidi na inabaki nyuma kidogo. 6.5-284, ganda la .284 lililobanwa shingo lishike kichwa cha milimita 6.5, ni tamu mno na inakula mtutu. .300 Winchester Magnum sitaki hata kuijadili, bega langu ndilo ninaloinulia wagonjwa.

.223 inanivutia kwa namna yake. Inaruhusiwa F-TR, haina teke la kutaja, na ikipewa vichwa virefu vya greini 90 kwenye karatasi ya hesabu inaisogelea .308 mpaka unajiuliza kwa nini watu wanahangaika. Nimewaona wanaoiweza. Nimewaona pia wanaoishi na mashaka yake: ganda dogo halisamehe tofauti ndogo ya baruti, na vichwa virefu vinavyozungushwa kwa kasi vikipita katika mtutu uliochakaa hupasuka hewani visifike kwenye shabaha. Kazini nina mashaka ya kutosha.

Na hapa ndipo hesabu ya upepo inapoanza kupungua uzito kwangu. Jedwali la upepo ni rahisi kulisoma, kwa hiyo watu wote hulisoma hilo. Jedwali la mtutu halipendwi. Kaliba inayochoma baruti nyingi kupitia tundu dogo humaliza koo la mtutu mapema. Kwa 6.5-284 watu hutaja risasi elfu moja hivi kabla ya ubora wa mashindano kuondoka. .284 inavumilia zaidi, labda elfu mbili. .308 inaweza kwenda elfu nne, tano. Mtutu mpya pamoja na fundi ni mamia ya pauni, na zaidi ya pauni ni miezi ya kusubiri foleni ya mfua bunduki. Mwenye .284 anajua kila risasi ya mazoezi inakula ile ya mashindano, kwa hiyo anafanya mazoezi kwa ubahili. Ninawajua wawili, walengaji wazuri kunizidi, ambao kuanzia Mei hawapigi mpaka siku ya mechi.

Mimi sina anasa hiyo. Zamu zangu zinanipa Jumamosi chache, na nikizipata nataka kupiga mpaka nichoke, nikitazama bendera, nikiandika daftarini nilichokisia na kilichotokea. Mtutu wa .308 unaniruhusu.

Kuna jingine, na hili sijui kama linaonekana na wote. Mwaka 1930 Marjorie Foster alishinda King's Prize, tuzo kuu ya hapo Bisley, mwanamke wa kwanza kuipata, katika enzi ambayo kaliba ilikuwa moja tu, .303 ya jeshi. Walioshindwa siku ile hawakuwa na pa kuelekeza kidole. F-TR imehifadhi kitu cha namna hiyo. Jirani yangu mkekani ana .308 kama yangu, upepo wake ni wangu, na akinizidi pointi sita jioni naweza kumfuata na kumwuliza aliona nini kwenye bendera ya tatu ambacho mimi sikukiona. Akinizidi kwa kaliba, mazungumzo yetu yanaishia kwenye bei. Napenda yale ya kwanza. Huenda ni tabia ya kazi: mgonjwa akibadilika usiku nataka kujua ni nini kimebadilika, na nikibadilisha dawa tatu kwa pamoja sitajua.

Si kwamba .308 ni mwalimu mpole. Kichwa cha greini 155 kinafika yadi 1,000 kikiwa na chini ya mita 400 kwa sekunde, karibu na kasi ya sauti, na kikishuka chini ya hapo huanza kuyumba. Kwa hiyo huna ruhusa ya kukipunguzia mwendo ili upate starehe. Tofauti ya mita tisa kwa sekunde kati ya risasi na risasi inapandisha au kushusha tundu lako karibu sentimita 20. Ndiyo maana jikoni kwangu kuna mizani ya baruti inayopimwa upya kila nusu saa, na mtu hakaribishwi chai nikiwa najaza maganda.

Basi nimeandika. Kwenye kisanduku nimeweka ".308 Winchester, mtutu wa ziada", na kwenye sababu nimeandika mashindano ya F-TR, jina la klabu na viwanja. Shetani wa .284 amekaa kimya, ingawa najua mwezi wa Julai atarudi siku ya upepo mkali.

Limebaki moja la kumjibu mfua bunduki, ambaye ameuliza michirizi izunguke mara moja kwa inchi ngapi. Moja kwa 13 ingenibakiza na greini 155. Moja kwa 10 inafungua mlango wa vichwa vya greini 200, ambavyo upepo huvisukuma kama mita mbili na si zaidi, kwa malipo ya teke linaloifanya bunduki iruke kwenye miguu yake kila ukifyatua. Wengi wa F-TR wamehamia huko. Nimemwambia moja kwa 10, na nimeagiza boksi moja la greini 200 ili nijue mapema kama bega litakubali zaidi ya risasi arobaini kwa siku.

Foleni yake ni ndefu, na polisi nao wana mwendo wao. Mpaka hapo mtutu wa zamani utabaki kwenye uwanja wa Century, yadi 600 kushuka chini, ambako uchovu wake bado unafichika.