Viazi Vinaoza, Mwalimu

"Viazi vinaoza, mwalimu. Sheria haiozi."

Tangu Jumanne nayageuza maneno haya. Nayageuza nikisahihisha madaftari, nikisonga ugali, na jana kanisani mahubiri yote yalinipita. Wiki hii mkuu wetu wa shule amehamishwa na binamu yangu amevishwa pete, lakini nikitulia tu namsikia yule dalali.

Shamba la Mama la bondeni, hapa Njombe, mnalijua. Viazi vya mwisho wa msimu vilikuwa vimeshachimbwa. Vijana wa dalali wakajaza gunia mpaka mdomoni, kisha wakaanza kujenga kichwa: viazi vikubwa ukingoni, kimoja kimoja, kama fundi anavyopanga tofali, vidogo vinamiminwa katikati, kamba inazungushwa juu mpaka gunia linaota nundu. Nilikuwa nahesabu. Ndoo sita zilijaza gunia. Kichwa kikala nyingine mbili.

Nikasema. "Kaka, hii ni lumbesa. Sheria ya Vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Hizo ndoo mbili za juu nani anazilipia?"

Hakukasirika, na hicho ndicho kinachoniuma. Aliokota kiazi, akakifuta udongo kwa kidole gumba, akaniambia kwa upole kabisa hayo niliyoanza nayo. Kisha akamgeukia Mama. "Mama, tuendelee, au tukapakie kwa jirani?"

Mama akajibu, "Endeleeni, wanangu."

Majibu nimeshayatunga mengi. Ningemwambia tukapime. Mizani tungeitoa wapi? Ningemwambia aende zake. Lori jingine lingekuja lini? Hayo yote aliyajua kabla sijafungua mdomo. Nauli ya lori inahesabiwa kwa gunia, mpagazi analipwa kwa gunia, ushuru getini ni kwa gunia. Kila kiazi kilicho juu ya mdomo kinasafiri bure mpaka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na sheria mkononi. Yeye alijua Mama hana ghala.

Jana usiku nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza Mama kwa nini aliniacha peke yangu mbele ya watu. Alinyamaza kidogo, akaenda chumbani, akarudi na daftari langu la hesabu la darasa la sita. Kurasa za nyuma, ambazo mimi sikuzimaliza, zimejaa penseli: tarehe, idadi ya ndoo, bei. Misimu yote hiyo, mwandiko wake wa kulala. Kumbe usiku wa kuamkia Jumanne alimpigia mama mdogo aliyeko Dar, akaulizia viazi vinauzwaje sokoni. Dalali alianzia shilingi 60,000 kwa gunia. Mama akataja 75,000, akainama kuchagua mbegu, hakuongeza neno. Wakakutana 72,000.

"Mimi sikumuuzia gunia," akaniambia. "Nilimuuzia ndoo nane, kila ndoo elfu tisa. Wewe ulipoanza kuzihesabu kwa sauti, mwanangu, moyo ulinidunda. Nikasema huyu sasa atamzindua."

Nililala kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Nimefundisha kuzidisha miaka tisa na sijawahi kuona nane mara tisa ikifanya kazi namna ile.

Ila asubuhi nimepita kwa jirani yetu, yule bibi anayelea wajukuu. Lori lilikwenda kwake baada ya kwetu. Ameuza 60,000, kichwa kilekile. Hana wa kumpigia simu. Lumbesa ni wizi, na daftari la Mama haliufanyi usiwe wizi. Kesho jioni nitakwenda kwake na penseli, tuhesabu pamoja ndoo za viazi vilivyobaki kwake, na namba ya mama mdogo nitamwachia.

Halafu nimerudi nyumbani nikakuta sweta la mdogo wangu linaning'inia nyuma ya mlango. Yupo kwenye mafunzo ya JKT Mafinga tangu wiki iliyopita, simu haruhusiwi, na usiku huu hata huku ndani nimejifunga blanketi mbili.